Karatasi Niliyoibandika Muyinga

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama mbele ya mashine ya kemia ya damu katika maabara ya hospitali hapa Gitega, moyo wangu umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Haikupita nusu saa furaha ile ikawa imekwisha, na mama mmoja wa Muyinga, ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, alikuwa karibu kuchomwa dawa ambayo ingeweza kumuua, kwa sababu ya namba niliyoitamka mimi kwenye simu.

Nakusimulia wewe unayeanza kazi, iwe ya maabara au nyingine yoyote ambayo watu wanakuamini bila kukuona. Vuta kiti. Sina haraka, na habari yenyewe inataka kusimuliwa polepole.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ambako baba yangu alikuwa katekista na mkulima wa mihogo. Nilisomea maabara hukohuko, kisha Mungu akatufungulia njia ya kurudi nyumbani. Nilifika Gitega na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, Kiswahili changu cha shule, Kirundi kilichowachekesha wanawake wa sokoni, na Kifaransa cha kuombea chumvi mezani, hakuna zaidi. Baba alinifundisha kutoanza kazi bila sala. Kwa hiyo kila asubuhi nilifanya ishara ya msalaba kabla sijawasha mashine, nikamwomba Mungu aijalie mashine ile isiharibike. Ilikuwa sala ya kweli. Sikufikiri kumwomba anilinde na mimi mwenyewe.

Mkuu wetu aliitwa Mzee Venansi. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenyeji wa Giheta, na alikuja kila siku kwa basi dogo la alfajiri akiwa na parachichi mbili tatu ndani ya mfuko kwa ajili ya yeyote ambaye hakupata chai nyumbani. Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sisi vijana. Hakupima chupa yoyote ya damu kabla ya kuiinua karibu na macho na kusoma kwa sauti yote yaliyoandikwa juu yake: jina la mtu, kilima, yaani kijiji, anakotoka, siku na saa damu ilipotolewa. Tukiwa na chupa hamsini, alisoma hamsini. Mwenzangu Deo alikuwa akininong'oneza, "Haya, mwalimu anaita majina, sema upo." Tulicheka kwa chini, na mzee akaendelea kusoma kana kwamba hakusikia. Alisikia. Nilikuja kujua baadaye kwamba masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yetu.

Sasa, hospitali moja ya upande wa Muyinga ilikuwa imeharibikiwa na mashine ya kupimia chumvi za damu, wakawa wanatuletea sampuli zao Gitega. Zilisafiri kwa basi, zimekabidhiwa kwa dereva, kupitia Karuzi. Mwanzoni zilikuja za sukari pia, na nikaona jambo: sukari ya watu wa Muyinga ilikuwa ndogo mno, hata ya wagonjwa wa kisukari. Nikatambua kwamba damu ikikaa na joto njiani, chembe zake zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, na ikifika kwetu imebaki kidogo. Nililigundua mimi. Mzee Venansi alinisifu mbele ya wote, na sifa ile, mwanangu, niliilalia kama mto.

Nikapanda basi kwenda Muyinga na karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: kila damu inayokwenda Gitega ikae kwenye baridi tangu inapotolewa hadi inapofika. Nikaibandika ukutani kwa plasta ya kidonda, juu ya meza ya muuguzi aliyetoa damu. Wote waliipenda. Sisi tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba chanjo inaokolewa na friji. Baridi kwetu ni kitu cha kuheshimiwa hospitalini. Hakuna mtu aliyeona kwa nini damu iwe tofauti.

Yaani hakuna isipokuwa mmoja. Muuguzi yule aliitwa Spesi, mwanamke wa umri wangu, mchapakazi, anayeongea Kiswahili cha hapahapa Burundi. Alisoma karatasi mara mbili, akaniuliza.

"Dada, na ile ya chumvi pia? Mi nilizoea kuizungusha kwanza, natoa yale maji ya juu, ndio natuma. Sasa niache?"

Mashine yake ya kuzungushia damu ilikuwa ndogo, imechubuka rangi, na ilipiga kelele kama cherehani. Niliitazama, nikamwambia aache, atakuja kuharibu sampuli kwa chombo cha zamani namna ile. Aweke baridi tu, mengine atuachie sisi tuliosomea. Spesi akasema sawa. Alisema sawa kwa heshima, akairudisha ile mashine chini ya meza na kuifunika kitambaa.

Wiki zilizofuata, watu wa Muyinga walianza kuwa na potasiamu nyingi.

Nikueleze potasiamu kwa maneno mepesi. Ni chumvi mojawapo katika damu, na misuli yote inafanya kazi kwa hiyo, pamoja na moyo. Ikizidi sana, moyo unaweza kusimama. Ikipungua sana, moyo unaweza kusimama vilevile. Na dawa ya kuishusha ni hatari kubwa kwa mtu ambaye tayari imemshuka. Kwa hiyo daktari anayesubiri namba hiyo anasubiri kujua aelekee upande upi wa njia.

Nilipoona namba za Muyinga zinapanda, nilitafuta sababu, nikaipata upesi. Nilisema ni ndizi. Ndizi zina potasiamu, watu wa Muyinga wanakula ndizi, basi. Deo akacheka hadi akashika ukuta, akaniuliza watu wa Gitega wanakula mawe au vipi. Nikamjibu kwamba yeye hajasoma lishe. Mzee Venansi siku hizo alikuwa likizo ya ugonjwa, mgongo ulimlaza kwake Giheta mwezi mzima, kwa hiyo nadharia yangu ya ndizi ilistawi bila palizi.

Alirudi kazini siku ileile ninayokusimulia.

Asubuhi hiyo basi la Muyinga lilichelewa kujaa abiria, kisha likapata pancha njiani. Sampuli zilifika saa saba mchana ndani ya ndoo ya barafu. Moja ilikuwa ya mama aitwaye Shamimu, mke wa Bwana Karimu, muuza vitambaa wa soko la Muyinga, wa familia ambayo mababu zake walitoka India na ambayo kwa lugha na mazoea ni watu wa Muyinga kama wengine. Daktari Elia, daktari wake, alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba mama huyo ametapika na kuharisha kwa wiki nzima, na sasa miguu haina nguvu, hawezi kusimama.

Nilifungua ndoo, nikachukua chupa, nikaizungusha. Maji ya damu yalikaa juu, manjano safi, bila wekundu wowote. Hilo nililitazama kwa makini, maana chembe zikipasuka maji hugeuka mekundu, na namba haifai. Hayakuwa mekundu. Nikapima. Mashine ikatoa sita nukta nne. Kwa mtu mzima haitakiwi ifike hata tano na nusu. Nikarudia, sita nukta nne. Nikapima damu ya majaribio, ile tunayoijua jibu lake, ikatoka sawasawa. Nikainua simu nikampigia Daktari Elia mara moja, kama sheria inavyosema kwa namba ya hatari.

Akaniambia, "Madamu, una hakika? Nilitegemea iwe chini. Wiki nzima ametapika."

Nikamjibu kwamba nimepima mara mbili na mashine iko sawa. Akashukuru, akasema basi atamwanzishia dawa ya kuishusha. Nikakata simu. Nilijiona mtu aliyesomea kitu chenye faida.

Hapo ndipo Mzee Venansi alipoingia kutoka kuwasalimia watu wa wodini. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ndogo ya chupa, akainua ya kwanza, akaanza desturi yake.

"Shamimu. Muyinga mjini. Jana, saa tisa alasiri."

Akasoma tena ile siku na saa, mara hii bila sauti. Kisha akaniuliza damu hii ililala wapi. Nikasema ndani ya friji ya Muyinga, kama nilivyoagiza. Akauliza kama ilizungushwa kwanza ikatengwa. Nikasema hapana. Akavuta kiti akaketi, naye hakuwa mtu wa kuketi wakati wa kazi.

"Umepima vizuri sana, binti yangu," akasema. "Umepima usiku mzima wa friji. Mgonjwa bado hajapimwa."

Mwanangu, nilielewa kabla hajamaliza. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu ndani yake, na zinafanya kazi muda wote kuizuia isitoke. Zikipigwa na baridi zinashindwa kazi hiyo, na potasiamu inavuja taratibu kuingia kwenye maji, saa baada ya saa, bila kupasua chembe, bila kubadili rangi. Kesho yake ukipima unakuta nyingi, hata kama mwenye damu anayo kidogo. Hili nilifundishwa darasani. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani na nikapata alama zote. Ndiyo aibu yenyewe: sikukosea kwa kutojua. Nilijua, nikaandika karatasi kana kwamba sijui, kwa sababu jambo la sukari lilinipa sifa na sikutaka kulichanganya na jambo jingine.

Nikamwambia mzee kwamba daktari anakwenda kumchoma dawa. Nikamwomba apige yeye, ana jina, atasikilizwa.

Akaisogeza simu mbele yangu. "Namba umeitamka wewe. Ifute wewe."

Nikapiga. Simu ya Daktari Elia iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita tena bure. Ya ofisini kwao haikupatikana kabisa. Nikaigeuza fomu, nikaona chini kabisa, kwa mwandiko wa Spesi, namba ya mume. Spesi alikuwa na mazoea ya kuandika namba ya ndugu wa mgonjwa, na sisi tulimcheka kwamba anajaza karatasi ovyo.

Bwana Karimu akapokea mara ya kwanza ilipoita.

Nikasema, "Bwana Karimu, mimi ni mtu wa maabara Gitega. Nimekosea kipimo cha mke wako. Nakuomba ukimbie na simu hii umpe daktari, kabla hajachomwa dawa."

Nilisikia kandambili zikipiga sakafu, mlango, sauti ya mwanamke ikimkataza kuingia, naye akimsihi kwa Kirundi. Kisha nikasikia sauti ya Daktari Elia. Nikamwambia ile namba niliyompa isitumike, damu ililala kwenye baridi bila kutengwa, kosa ni langu. Akaniambia sindano ilikuwa tayari, iko juu ya trei, muuguzi alikuwa anatafuta mshipa. Nikasikia sauti ya chuma ikiwekwa mezani.

Mzee Venansi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanielekeza taratibu nami nikarudia kwenye simu: damu mpya itolewe sasa hivi, Spesi aizungushe palepale, ayatenge maji kwenye chupa safi, iletwe bila barafu. Daktari akauliza italetwa na nini, basi la mwisho limekwishaondoka. Nikasikia Bwana Karimu akisema kwa nyuma kwamba pikapu yake iko nje.

Tulingoja kwa zaidi ya muda wa saa tatu. Mzee hakunigombeza. Alinimenyea parachichi, nikashindwa kulila, akalifunika kwa sahani. Baadaye akaniuliza swali moja: hivi kule Muyinga, siku ulipobandika ile karatasi, hakuna mtu aliyekuuliza kitu? Nilitamani kusema hakuna. Nikamwambia Spesi aliniuliza. Akataka kujua nilimjibuje. Nikamweleza yote, hata maneno yangu juu ya chombo cha zamani.

Mzee akaisogeza ile sahani pembeni. "Basi kosa lako halikuanza leo," akasema. "Siku ile mgonjwa huyu alikuwa bado mzima dukani kwake, nawe ulikuwa umekwisha mnyamazisha mtu ambaye angemlinda."

Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake, hilo ndilo karipio kali kuliko yote, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Bwana Karimu alipofika. Mtu mnene, kanzu imejaa vumbi la njia, amekwenda mwendo ambao sitaki kuuwaza. Akatoa katika mfuko wa kifuani kitambaa cha mkononi, akakikunjua, ndani yake mna kichupa kidogo cha maji ya manjano. Akanitazama.

"Wewe ndiye uliyenipigia?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Na hii, kesho utanipigia tena uniambie umekosea?"

Sikuwa na haki ya kukasirika. Nikamweleza kilichotokea, kama nilivyokueleza wewe, bila kuficha karatasi wala ukuta nilikoibandika. Nikamwonyesha saa iliyoandikwa kwenye kichupa. Akaomba abaki atazame. Kwa desturi mgeni haingii maabara, lakini mzee akamwekea kiti mlangoni. Nikainua kile kichupa nikasoma kwa sauti jina la mke wake, mji wake, siku na saa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo bila kuchekwa wala kucheka.

Mbili nukta sita.

Nikarudia, ikawa ileile. Nikampigia Daktari Elia, safari hii akapokea, nikamwambia namba, saa ya kutolewa, na jinsi ilivyotunzwa. Akasema sasa inafanana na mgonjwa anayemwona, anaanza kumrudishia potasiamu kwa dripu, polepole. Bwana Karimu aliniuliza maana yake nini. Nikamwambia mkewe amepungukiwa na kile ambacho sisi tulikuwa tunakwenda kumpunguzia zaidi. Akashika fremu ya mlango. Kisha akaomba maji ya kutawadha na mahali safi.

Nilimtandikia shuka jipya kwenye korido. Aliposali, mimi nilisimama dirishani na rozari yangu ndani ya mfuko wa koti, nikisogeza shanga moja moja bila kupata maneno. Sidhani kama siku ile Mungu alihitaji maneno yangu. Bwana Karimu alipomaliza alikunja lile shuka vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu wa kazi ya vitambaa.

"Mimi nikikata kitambaa vibaya," akasema, "mteja anarudi nacho, tunagombana, namkatia kingine." Akaniwekea shuka mikononi. "Wewe ulinipigia mwenyewe. Hilo nitamwambia mke wangu."

Akaendesha usiku ule kurudi kwa mke wake.

Ijumaa nilikwenda kuungama. Padri, mzee mwenye usingizi, alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekwisha kwenda Muyinga. Nikasema bado. Akaniambia niende kwanza, halafu nirudi. Hakunipa hata sala ya kusali njiani.

Basi Jumamosi nikapanda basi. Shamimu nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anaijaribu sakafuni kama mtu anayepima joto la maji. Nikajitambulisha, nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa udadisi zaidi kuliko hasira.

"Mume wangu amesema sauti yako ilikuwa inatetemeka," akasema. "Daktari naye ametetemeka, na yeye mwenyewe Karimu ametetemeka. Mimi peke yangu nilikuwa nimetulia, maana hamkuniambia kitu." Akacheka, akashika mkono wangu, akautumia kusimama. Alisimama kwa muda mfupi tu, mwanangu, magoti yakimcheza, uzito wake wote juu ya kiganja changu. Nimepokea vyeti baadaye, na barua za pongezi. Hakuna nilichowahi kupewa mkononi chenye uzito kama ule.

Kisha nikaenda kwenye meza ya Spesi. Niliibandua karatasi yangu, plasta ikatoka na rangi ya ukuta. Nikamwambia alikuwa sahihi tangu mwanzo na mimi nilimdharau. Yeye alikuwa anapanga sindano, hakuacha kupanga.

"Bon, haya," akasema. "Mi nilijua iko kitu hapo haiendi. Lakini we ulisoma, mi nikanyamaza."

Nikamwomba asininyamazie tena hata siku moja. Akasema amenisamehe, ila na ile mashine niliyoiita ya zamani niiombe msamaha pia, ilisikia. Akaitoa chini ya meza, akaifunua, akaniwekea mbele. Niliiomba msamaha, wauguzi wawili wakinitazama. Mwanangu, usidhani ni jambo dogo kuongea na mashine mbele za watu.

Kazi haikuishia hapo. Tulipitia daftari la sampuli zote za Muyinga tangu siku ya karatasi, na kila mtu aliyepewa jibu baya tulimtafuta. Kwa rehema ya Mungu, hakuna aliyekuwa amedhurika. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, Gaspari, mkulima wa kilima cha jirani na mji, ambaye kwa namba yangu alikatazwa ndizi, maharage na parachichi. Nilimkuta uani kwake, nikamweleza kwamba damu yake haikuwa na tatizo. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia juu ya goti.

"Kwa hiyo mwezi mzima wajukuu wamekula ndizi zangu mbele ya macho yangu bure?"

Nikasema ndiyo. Akamwita mkewe alete sahani ya ndizi na maharage, akaisukuma upande wangu. "Kula wewe kwanza," akasema, "tuone kama itapanda." Nikala. Na yeye akala, akala tena, akaanza kunipangia ni lini nirudi kumsaidia kupalilia ili kufidia. Nilirudi kweli, siku moja, na jembe lake lilinipa malengelenge ambayo Deo aliyafurahia kwa wiki mbili.

Sasa mimi ndiye mkuu wa maabara ile. Mzee Venansi amekwisha lala kwa Bwana, tulimzika Giheta watu wengi kuliko kanisa lilivyoweza kubeba. Nakaa hapa mtaa wa Yoba, naamka mapema, nawasha mashine ambayo yeye hakuiota, inayoweza kupima damu za watu mia kabla sijamaliza chai. Ni mashine nzuri nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini haijui damu ililala wapi. Hilo anajua mtu, na mara nyingi ni mtu aliye mbali, mwenye cheo kidogo, anayekuuliza swali wakati una haraka.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuuliza kuhusu agizo lako, weka kalamu chini umsikilize, hasa ukijiona unajua jibu. Kabla ya kutoa neno ambalo mwingine atalifanyia kazi, soma jina la mwenyewe na uulize kitu chake kimepita wapi hadi kukufikia. Sifa uliyoipata kwa jambo moja usiitumie kulifungia mlango jambo jingine. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usimtafute mwenye jina kubwa akusemee. Inua simu mwenyewe, sema "nimekosea" kabla ya neno jingine lolote, na useme upesi, kwa sababu mahali fulani sindano iko juu ya trei. Ukimaliza kusema, usibaki umejifungia na aibu yako; nenda kwa miguu yako hadi kwa uliyemkosea. Mimi nilikwenda nikiogopa, nikarudi na marafiki. Bwana Karimu na mkewe wamenikatia kitambaa cha kila sikukuu tangu mwaka ule, na Spesi ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu.

Mungu aliyeiumba damu na kuihesabu kila chembe akupe mikono isiyo na pupa na macho yanayosoma hadi mstari wa mwisho. Akuweke karibu na watu watakaothubutu kukuuliza. Neno ulilolikosea akupe muda wa kulirudisha, na yule uliyekuwa karibu kumdhuru akupe kumwona amesimama, akikushika mkono. Uende salama kazini kwako, mwanangu, na urudi salama nyumbani. Amina.